Maswali ya wasomaji: kununua gari jipya au kulikodi?

Ndugu Mhariri, mimi ni mfamasia na mama wa watoto wanne. Nina maduka mawili ya dawa hapa Lubumbashi, moja katika komini ya Kenya na jingine Kampemba, na mwaka jana nilifungua la tatu kule Likasi, ambalo ninalipelekea dawa mwenyewe kila wiki. Mume wangu ameajiriwa na mkandarasi wa mgodi karibu na Kolwezi, na mkataba wake umebakiza miezi 14. Gari letu la zamani linatumalizia karibu dola 150 kila mwezi kwa fundi, nasi tumekata shauri kutafuta jipya. Muuzaji ametutajia dola 30,000, kodi zote zikiwamo. Benki yetu iko tayari kutukopesha kwa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, mradi tutangulize asilimia 20 ya bei, na hapo tutalipa dola 797 kila mwezi. Kampuni nyingine inatupatia gari lile lile kwa kulikodi miezi 36: dola 4,500 mwanzoni, kisha dola 568 kila mwezi, na mwishoni tutachagua kulirudisha au kulinunua kwa dola 12,000. Kilomita zisizidi 20,000 kwa mwaka, na kila kilomita inayozidi ni senti 20. Mume wangu anaona nafuu iko kwenye kukodi. Mimi nasita. Tena nauliza: mkataba ukiandikwa kwa jina langu, ni lazima yeye atie sahihi? (Mama A., Kampemba)

Mama A., kusita kwako kuna msingi, na ninakushukuru kwa kuandika tarakimu zote, maana wengi hutuuliza swali hili wakitaja malipo ya mwezi peke yake. Malipo ya mwezi ndiyo ambayo muuzaji hupenda yatazamwe, kwa kuwa yanaweza kushushwa bila gharama ya gari kushuka hata kidogo. Inatosha kurefusha muda, au kuacha sehemu kubwa ya bei ingoje mwishoni.

Tuzijumlishe basi. Mkikopa benki, mtatanguliza dola 6,000, mtalipa 797 mara 36, na jumla itakuwa dola 34,692. Siku ya malipo ya mwisho gari ni lenu. Mkikodi na mwishoni mkaamua kulinunua, mtakuwa mmetoa 4,500, kisha 20,448, kisha 12,000, yaani dola 36,948. Ni dola 2,256 zaidi kwa gari lile lile. Mkikodi na kulirudisha, mtakuwa mmetoa dola 24,948 na mtabaki bila gari. Tofauti kati ya njia hii ya mwisho na mkopo wa benki ni dola 9,744, na humo ndimo swali lako lote limejificha: je, gari hilo, baada ya miaka mitatu, litauzika Lubumbashi kwa zaidi au kwa pungufu ya dola 9,744?

Unaujua mji huu kama ninavyoujua. Gari lililoingia nchini likiwa jipya, lenye usukani wa kushoto, ambalo vipuri vyake vinapatikana na ambalo historia yake inajulikana, haliuzwi kwa theluthi moja ya bei yake baada ya miaka mitatu tu, isipokuwa limegongwa vibaya. Wanunuzi wa magari ya namna hiyo ni wengi kuliko magari yenyewe. Ni kweli kwamba gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo, na hilo hutajwa sana na wanaopigia debe kukodi; lakini upotevu huo hauondoki kwa sababu umekodi. Kampuni imekwisha kuukadiria na kuuweka ndani ya malipo yako ya kila mwezi. Wamekuandikia kwamba mwishoni gari litakuwa na thamani ya dola 12,000, ambazo ni asilimia 40 ya bei, na kila dola ambayo gari litazidi makisio hayo itakuwa faida yao siku utakapolirudisha.

Huko Ulaya na Marekani kukodi gari kwa miaka miwili au mitatu kumekuwa jambo la kawaida kwa mtu binafsi, kwa sababu watengenezaji wa magari wana makampuni yao ya fedha, riba imekuwa ya chini kuliko yetu, na kampuni inajua kwa karibu kabisa gari lililorudishwa litauzwa kwa bei gani. Kwetu, kukodi kwa muda mrefu, ambako watu wa benki hukuita lizingi, kuna sheria yake tangu Februari 2015, lakini wanaokutumia hasa ni makampuni yanayohitaji malori, mitambo na pikapu bila kufungia mtaji wao wote ndani ya vyuma. Mtu wa familia anayeingia humo hukuta kwamba kampuni imejikinga kwa kukisia chini thamani ya mwisho na kwa kumbebesha mkodi hatari zote za njiani. Sisemi kwamba wanadhulumu. Wanajilinda, nawe ujilinde.

Sasa tazama kilomita, kwa maana hapo ndipo ninapoona mkataba huo haukushonwa kwa kipimo chako. Kwenda Likasi na kurudi ni kilomita 240 hivi. Ukienda mara 50 kwa mwaka, hizo ni kilomita 12,000. Mizunguko ya mjini, kati ya Kenya, Kampemba, shule za watoto na wauzaji wa jumla, tuihesabu kilomita 30 kwa siku kwa siku 300, yaani 9,000. Ongeza safari nne tu za kumtembelea mume Kolwezi, kilomita 600 kila moja, na jumla inafika 23,400. Kwa miaka mitatu utakuwa umezidisha kilomita 10,200, na kwa senti 20 utadaiwa dola 2,040 siku ya kurudisha gari. Hapo bado hawajaanza kulikagua. Barabara ya Likasi ina malori yaliyobeba shaba na asidi usiku na mchana. Kioo cha mbele kupigwa jiwe si ajabu, na masika ya huku, kuanzia Novemba hadi Aprili, hayana huruma kwa sehemu za chini za gari katika njia za pembeni. Usitie sahihi kabla hujaonyeshwa, kwa maandishi, ni uchakavu gani wanaouhesabu kuwa wa kawaida na ni upi watakaokudai.

Kuhusu upande wa benki nami nina shaka, ingawa si ile ya mumeo. Mkopo ni wa miezi 36, mkataba wake umebakiza 14. Mkataba unaweza kurefushwa, na ninawaombea iwe hivyo, lakini hakuna mkazi wa Katanga aliyesahau mwaka 2008, bei ya shaba ilipoporomoka na viwanda vingi vya kuyeyushia madini hapa Lubumbashi na Likasi vikafungwa katika muda wa wiki chache. Karibu zaidi, Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka huo ikaleta utaratibu wa kugawia kila kampuni kiwango chake. Maamuzi ya namna hiyo huwafikia wakandarasi kabla hayajawafikia wenye migodi. Kwa hiyo deni la miaka mitatu lipimwe kwa mapato ambayo yataendelea kuwapo hata mkataba wa Kolwezi ukikoma, yaani mapato ya maduka yako.

Maduka yako yanauza kwa faranga, na benki itadai dola. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilibadilishwa kwa pungufu ya faranga 1,000. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imepita 2,500. Baadaye faranga ikapata nguvu tena, jambo lililowafurahisha wengi na kuwaumiza waliokuwa wameweka bidhaa za bei ya zamani ghalani. Wewe una kinga kidogo, kwa kuwa dawa nyingi zinatoka nje na bei zake hufuata dola. Mwalimu anayelipwa mshahara wa faranga hana kinga hiyo hata kidogo, naye akiniuliza kuhusu deni la dola 797 nitamjibu kwa neno moja.

Ushauri wangu ni kwamba mnunue, lakini si mwezi huu. Fungueni akaunti ya dola, na kwa miezi minane wekeni humo dola 800 kila mwezi, kana kwamba deni limekwisha kuanza. Mkishindwa kuziweka sasa, wakati mishahara miwili inaingia, hamtaziweza pia chini ya mkataba, na ni heri kulijua jambo hilo bila mtu wa benki kusimama mlangoni. Mkiweza, mtakuwa na dola 6,400 juu ya zile 6,000 mlizokwisha kuandaa. Mtatanguliza 12,400, mtakopa 17,600, na kwa riba ile ile malipo yatakuwa kama dola 585 kwa mwezi. Linganisha na 568 za kukodi: karibu ni sawa, ila gari ni lenu. Jumla yote itakuwa dola 33,460. Sitakuficha kwamba pungufu hilo la dola 1,232 litamezwa na fundi wa gari la zamani katika miezi hiyo minane, kwa zile 150 zake za kila mwezi. Faida ya kungoja haimo katika jumla. Imo katika kuwa na deni dogo ambalo maduka matatu yanaweza kulibeba peke yake, na katika kuingia kwenye deni hilo wakati mumeo atakuwa amebakiza miezi sita, na labda tayari anajua kama anaendelea au anaondoka.

Katika mkataba wowote mtakaouchagua, tafuteni kwanza kifungu cha kuvunja mapema. Aliyekopa anaweza, kwa ruhusa ya benki, kuliuza gari, kulipa deni lililobaki na kuchukua kinachozidi. Aliyekodi hana cha kuuza, kwa kuwa gari ni mali ya kampuni, na mikataba mingi humtaka alipe malipo yote yaliyobaki, au sehemu kubwa yake, hata kama gari amelirudisha. Tafuteni pia kifungu cha bima. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya madhara anayowafanyia wengine. Benki na kampuni za kukodisha hudai zaidi ya hapo, yaani bima inayofunika wizi, moto na ajali ya gari lenyewe, na gharama yake kwa gari jipya si ndogo. Tangu soko la bima lilipofunguliwa kwa sheria ya 2015 na kampuni binafsi kupewa vibali mwaka 2019, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake tena, kwa hiyo ombeni bei kwa watatu au wanne, na mhakikishe kama bima imekwisha kuingizwa katika zile 568 au inakuja juu yake. Ulizeni vilevile kama zile 568 zimetajwa pamoja na TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Ikiwa hazikujumlishwa, malipo ya mwezi yanapanda hadi karibu dola 659, na hesabu yote ya mumeo inaanguka.

Atakwambia labda kwamba malipo ya kukodi yanapunguza kodi ya biashara. Mwulize mhasibu wako mnatozwa kwa utaratibu gani, kwani wafanyabiashara wadogo wengi hutozwa kwa kufuata mauzo, na kwao matumizi ya gari hayapunguzi chochote.

Nimalizie na sahihi. Zamani mke aliyeolewa alihitaji idhini ya mumewe ili ajifunge kisheria. Marekebisho ya Sheria ya Familia ya Julai 2016 yaliondoa idhini hiyo. Yaliweka mahali pake wajibu wa wanandoa wote wawili kupatana juu ya mikataba inayowafunga. Kwa hiyo mkataba unaweza kuwa kwa jina lako, na kadi ya pinki ya kuandikisha gari pia, lakini usishangae benki ikimwita baba naye aweke sahihi yake. Yeye naye akinunua kitu kikubwa, waweza kudai wewe uitwe.

Mhariri, mkandarasi mmoja wa migodi ameniambia kwamba nikipata pikapu mpya ataikodi kwangu kwa dola 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja. Sina dola 38,000 za kuinunua. Nimefikiri niichukue kwa lizingi ya miaka mitatu, kisha nimpe yeye. Je, hesabu hii inakubali? (B. K., Ruashi)

Baba, jambo la kwanza si hesabu. Gari la lizingi si lako, na kumkodishia mtu mwingine bila kibali cha maandishi cha mwenye mali kunaweza kuvunja mkataba wako. Na ajali ikitokea ndani ya mgodi, kampuni ya bima itauliza gari lilitangazwa kuwa la matumizi gani. Gari lililokatiwa bima kama la binafsi na kukutwa likifanya kazi ya kukodishwa halina mtetezi. Waeleze wote wawili mapema, mwenye gari na mwenye bima, hata kama bei itapanda.

Kisha muda. Umeahidiwa mwaka mmoja, nawe unajifunga miaka mitatu. Miezi 24 ya mwisho haina mteja, na mteja wa miezi 12 ya kwanza mwenyewe ameahidi kwa mdomo tu. Zile dola 2,080 kwa mwezi zinapendeza machoni, lakini toa humo mshahara wa dereva ikiwa ni wako, matairi ambayo mawe ya mgodini huyala upesi, matengenezo, siku ambazo pikapu itakaa garaji bila kulipwa, na vifaa ambavyo migodi huvidai kabla ya kuruhusu gari kuingia: bendera ndefu, taa ya kuzunguka, redio, vyuma vya kulinda abiria gari likipinduka. Halafu ankara. Mkandarasi hulipwa na mgodi, nawe unalipwa baada yake. Siku 60 au 90 za kungoja ni jambo la kawaida katika kazi hii, ilhali malipo ya lizingi hayangoji hata wiki. Kama huna akiba ya malipo ya miezi minne kabla ya kuanza, usianze.

Kuna mlango mwingine ambao ningekushauri uuchungulie. Sheria ya Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo imeweka kazi hizo mikononi mwa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani, na ARSP, mamlaka ya serikali ya ukandarasi mdogo, ndiyo inayosimamia. Ukisajili kampuni ndogo yenye namba ya RCCM, yaani daftari la biashara, ukaandikishwa huko, ukaja kwa mkandarasi na karatasi zako, unaweza kudai mkataba wa maandishi wa miezi 24 au 36, wenye bei ya kuvunja mapema kwa upande wake pia. Mkataba wa namna hiyo ndio ambao benki itakubali kuusoma. Na pikapu yenye umri wa miaka mitatu au minne, iliyonunuliwa kwa nusu ya bei, inaweza kutosha, ila kwanza mwulize mteja wako, kwani baadhi ya migodi huweka kikomo cha umri wa gari.

Ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam anasema nipeleke dola 9,000 anitafutie gari zuri lililotoka Japani, badala ya kuhangaika na mikopo ya magari mapya. Linapita Tunduma, Zambia, na Kasumbalesa hadi hapa. Kuna ubaya gani? (Mama J., Katuba)

Ubaya ni usukani. Magari ya Japani yametengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania na Zambia. Sisi tunaendesha kulia, na dereva aliyekaa upande wa kulia, akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Kasumbalesa au ya Kolwezi, hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka gari lake limekwisha kuingia katikati ya njia ya wenzake. Serikali ilikwisha kukataza kuyaingiza magari hayo nchini. Utayaona mengi yakitembea mjini, na kila mwenye nalo atakusimulia alivyolipitisha. Hakusimulii alichotoa njiani, wala namna atakavyoliuza. Kikomo cha umri wa gari kinachokubaliwa mpakani nacho kimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Kama nia yako ni gari lililotumika, na hiyo ni nia njema kwa mtu asiyetaka deni, mwambie ndugu yako atafute lenye usukani wa kushoto, au ulitafute hapa hapa kwa mtu anayeuza lake. Kwa linalotoka nje, nenda kwanza katika ofisi ya DGDA, yaani forodha, na karatasi yenye chapa, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, uulize ushuru wake ni kiasi gani, kisha ongeza gharama za OCC (wakaguzi wa bidhaa), za fomu ya FERI (taarifa za mzigo unaoingia nchini), za wakala wa forodha na za kuandikisha namba. Fanya hivyo kabla pesa haijatumwa Dar es Salaam.